Mjusi wa shimoni naye ahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa majuzi kwamba huko Australia watu wamekosa kazi mpaka wanalipana kwenda jangwani kuhesabu mijusi, na kwamba sisi tukiiga tutakuwa tumerogwa. Ile barua niliisoma na wenzangu tukacheka sana maana ndugu yangu kuandika anajua, ukweli usemwe, ila baadae nikaona hapana, ikiachwa ipite hivi hivi kuna watu wataiamini na wengine ndio hao wanakaa kwenye vikao vya vijiji. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, sio mtaalamu wa wanyama, lakini kazi yenyewe inakulazimisha usome, mgeni anaweza akakuuliza kitu ukabaki unakodoa macho kwenye usukani.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu huyo mjusi, maana nadhani msomaji mwenzangu alikuwa anawaza hawa wa ukutani wanaokula mbu. Huyu anaishi jangwa la katikati na magharibi ya Australia, wenyeji wa kule wanamwita tjakura, na wengine kwa lugha zao wanamwita warrarna au mulyamiji, kisayansi ni Liopholis kintorei. Akikomaa ukimpima toka pua hadi ncha ya mkia anafika kama sentimita 44, uzito unasogea gramu 350, mgongoni ana rangi ya kutu inayofanana na mchanga wa kwao na tumbo la njano. Kazi yake kubwa ni kuchimba. Shimo la familia moja linaweza kutanuka zaidi ya mita 10 toka upande mmoja hadi mwingine, likashuka chini kama mita nzima, na milango ikafika mpaka 20, na baridi ikija wanajichimbia humo wanatulia mpaka joto lirudi.

Nimesema familia na nimemaanisha. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi eneo la Uluru, pale penye lile jiwe kubwa jekundu linaloonekana kwenye kila picha ya Australia, walipima vinasaba vya mijusi waliokuwa wanawakamata kwenye mashimo na wakakuta kitu ambacho kwa mijusi kilikuwa hakijawahi kuandikwa popote: watoto wanaokaa shimo moja wengi ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, wakubwa na wadogo wa misimu tofauti, na wote wanashiriki kuchimba na kusafisha. Shimo moja linaweza kukaliwa mfululizo hadi miaka 7. Majike walikutwa wanazaa na dume yule yule mwaka hadi mwaka, madume wao baadhi yao walikuwa na nyumba ndogo, hapo sitaki kusema mengi. Alafu hawatagi mayai hawa, wanazaa watoto kabisa. Sasa mnyama wa namna hiyo, ana mji wake, ana ukoo wake, mtu anakwambia ni upuuzi kumfuatilia?

Tena ana choo. Hii ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndio inayojibu swali la msomaji kwamba "watahesabuje kitu kiko chini ya ardhi". Familia nzima inajisaidia sehemu moja nje karibu na mlango, kwa hiyo yule anayehesabu hana haja ya kumuona mjusi kwa macho, wala kumchimba, wala kumtia mkono. Anatembea kwenye eneo lililopimwa, anatafuta mashimo, akikuta shimo anaangalia: kinyesi kibichi kipo au kimekauka na kupauka? Mchanga mlangoni umetolewa juzi au buibui wameshafunga utando? Kuna nyayo? Vinyesi ni vikubwa tu au na vidogo vimo, maana vidogo ni vya watoto, na watoto wakiwepo ujue hapo wanazaliana na sio wazee wawili wanamalizia siku zao. Ni sawa na kujua wapangaji waliomo ndani kwa kuangalia viatu mlangoni. Pengine wanaweka na kamera ya kutegesha ili kuhakikisha, lakini kazi kubwa ni macho.

Na macho ya nani? Hapa ndipo msomaji mwenzangu alipoteleza kabisa, aliandika "wazungu" wakati wanaotembea ule mchanga wakisoma nyayo wengi ni wenyeji wa jangwa wenyewe, Waaborijini, na humo kuna kina mama na kina bibi ambao toka utoto walifundishwa kusoma ardhi kwa ajili ya kutafuta chakula. Leo wameajiriwa kama walinzi wa ardhi yao, wana sare, wana magari, na mpango wa taifa wa kumnusuru huyo mjusi umebeba majina yake ya lugha zao za jangwani. Mtaalamu wa chuo anakuja na karatasi na ramani, bibi anamuonyesha shimo ambalo mtaalamu amelipita. Wanafanya kazi pamoja na mshahara unaingia kijijini.

Wanahangaika hivyo kwa sababu mjusi anapungua, kule ameorodheshwa kisheria kuwa kwenye hatari. Kuna mambo mawili yanayomuumiza na yanasaidiana. La kwanza ni paka na mbweha, wanyama ambao Australia hawakuwepo kabisa mpaka walowezi walipowaleta, wakatoroka wakazaana porini, na mjusi wa gramu 350 akitoka jioni kutafuta mchwa anakuwa kitoweo chao. La pili ni moto. Zamani wenyeji walikuwa wanachoma nyasi vipande vidogo vidogo wakipita kuwinda, hapa leo pale mwezi ujao, jangwa lote likawa na viraka, vingine vimeota upya vingine nyasi za zamani. Watu walipoondolewa au kuvutwa wakaenda kukaa kwenye misheni na makazi ya serikali karne iliyopita, vile viraka vikaisha, nyasi zikajazana, radi moja tu ikipiga linawaka eneo ambalo ukiambiwa ukubwa wake huamini. Mjusi mwenyewe chini anaweza akapona kwenye moto, tatizo ni akitoka nje anakuta hakuna hata kichaka cha kujificha na paka anamsubiri. Kwa hiyo hao walinzi sasa wamerudi kuchoma viraka kwa mpangilio, na kule kwenye kijiji cha jangwani cha Kiwirrkurra kuna wawindaji wa kabila la Pintupi wanaofuata nyayo za paka kwa miguu mpaka wanamchosha wanamuua, na nyama wanakula, haipotei.

Sasa wangejuaje kwamba kuchoma viraka kunasaidia kama hawahesabu mashimo kabla na baada? Hilo ndilo swali langu.

Kuna kitu kingine nataka wasomaji wakijue kwa sababu tumezoea kudhani kila maarifa yanatoka ng'ambo. Hao walinzi wa Australia wengi wamekuwa wakiingiza taarifa zao kwenye programu inaitwa CyberTracker, na hiyo imezaliwa Afrika, Afrika Kusini na jangwa la Kalahari, miaka ya 1990. Louis Liebenberg alikuwa anatembea na wasoma nyayo wa Kisan, wale wawindaji wa asili wa huko, ambao walikuwa wanajua mambo ya porini kumzidi profesa yeyote ila kuandika hawajui, ikatengenezwa programu ya picha, unagusa picha ya mnyama, unagusa picha ya anachofanya, anakula, amelala, anakimbia, na mashine yenyewe inaandika saa na mahali. Yaani kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya msoma nyayo wa Afrika asiyejua kusoma maandishi kimeenda kumlinda mjusi wa Australia, na sisi tunaosema mambo ya kuhesabu ni ya wazungu hatujui hata kwamba kipo.

Turudi nyumbani. Mwaka 2009 sensa ilionyesha Tanzania ina tembo 109,051. Mwaka 2014 wakahesabu tena wakakuta 43,330. Miaka mitano! Sisi madereva tulikuwa tunaona mizoga, tulikuwa tunaongea wenyewe kwa wenyewe, ila maneno ya dereva nani anayasikiliza, mpaka zile namba mbili zilipowekwa pembeni ya nyingine ndio nchi ikashtuka na dunia ikashtuka, hela za doria zikapatikana, watu wakaenda jela. Ningekuwa namjibu msomaji mwenzangu kwa mstari mmoja tu ningemwambia afute hizo namba aone kama kungekuwa na kesi.

Na kwa mijusi vile vile tuna mfano wetu. Morogoro kwenye msitu wa Kimboza kuna mjusi mdogo wa buluu, buluu haswa ya kung'aa, anakaa kwenye majani ya mikadi, ile miti ya majani marefu yenye miiba, kisayansi ni Lygodactylus williamsi. Walanguzi walikuwa wanamkamata kwa maelfu anapelekwa Ulaya na kwingineko kufugwa kwenye vioo, na kumpata walikuwa wanakata mkadi mzima ili mijusi washuke, kwa hiyo unapoteza mjusi na nyumba yake kwa panga moja. Watafiti walipoingia kuhesabu waliobaki na mikadi iliyobaki ndio ikawezekana kwenda mbele za mataifa kujieleza, mwaka 2012 akaorodheshwa kuwa kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na toka mwanzoni mwa 2017 biashara yake ya kimataifa ya kutoa porini imefungwa na CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Bila namba ungeenda kusema nini pale? Kwamba tunamuonea huruma?

Sasa huku kwetu kaskazini mimi nina wangu, guruguru. Watoto wa Longido, Monduli na Simanjiro wanamjua vizuri tu, yule mjusi mnene mwenye magamba magumu yaliyojipanga kama vigae, anakaa kwenye mashimo ya vichuguu na kwenye nyufa za mawe, ukimfukuza anaingia ufa anajijaza hewa anabana humo hata uvute vipi hatoki. Anakula panzi, konokono, matunda yaliyodondoka. Huyu naye amekuwa akiuzwa nje kama mnyama wa kufugwa ndani mpaka serikali ilipopiga stop usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Sijawahi kusoma popote kwenye gazeti sensa ya guruguru. Nasoma tembo, nasoma twiga, nasoma nyumbu, ndege inapita juu inapiga picha, sawa kabisa, ila ndege haioni shimo la kichuguu.

Na mashimo yanaondoka jamani. Ukitoka hapa kuelekea Simanjiro, nje kabisa ya Mirerani, utaona trekta zimelima mbuga mpaka upeo wa macho, mahindi na maharage. Sisemi watu wasilime, mimi mwenyewe ugali nakula. Ila trekta likisawazisha kichuguu limeondoa nyumba ya viumbe wengi kwa dakika chache, guruguru, nyoka, panya, vinyegere, na kichuguu kikubwa hakijengwi kwa msimu mmoja. Kule Australia ya kusini kuna mjusi mwingine mdogo, yeye hachimbi, anapanga kwenye mashimo ya buibui, walikuwa wameshamtangaza ametoweka maana alikuwa hajaonekana toka 1959. Mwaka 1992 mtaalamu akampasua nyoka aliyekufa barabarani karibu na mji wa Burra, akamkuta huyo mjusi tumboni! Ndio wakaanza kutafuta wakawakuta wamebaki kwenye vipande vya malisho ya kondoo ambavyo havijawahi kuguswa na jembe. Kondoo wakichunga kwa kiasi mjusi anaishi, plau ikipita mara moja tu mashimo yamekwisha. Mfugaji wa Kimasai akisikia habari hiyo nadhani atatabasamu, maana miaka yote anaambiwa ng'ombe wake ndio wanaoharibu. Mimi naona ni swali la kwenda kulipima na huku kwetu, olopololi, yale malisho ya Wamasai yanayotengwa, inayochungwa kwa zamu ina mashimo mangapi yenye dalili na shamba la jirani lina mangapi.

Kupima kwenyewe sio hela nyingi kama watu wanavyofikiri. Unachagua vipande vichache vya ardhi, vingine malisho, vingine karibu na mashamba, vingine ndani ya jumuiya za hifadhi za vijiji kama Enduimet kule Magharibi ya Kilimanjaro. Unavizungushia alama kwenye ramani, unarudi pale pale kila mwaka msimu ule ule, watu idadi ile ile, muda ule ule, la sivyo unalinganisha maembe na mawe. Mtu anatembea asubuhi kabla upepo haujafuta, anaandika shimo lenye dalili, shimo lisilo na dalili, kinyesi, mburuzo wa mkia, ngozi iliyovuliwa. Na akikuta hakuna kitu aandike hakuna, hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, wanaandika walichokiona wanaacha kuandika walichokikosa, baadae hujui kama mjusi hakuwepo au mtu hakwenda.

Askari wa wanyamapori wa vijiji tayari wanatembea hayo maeneo kila siku wakitafuta mitego ya nyaya na majangili, kuwaongezea kipande cha kukagua vichuguu mara mbili kwa mwaka sio mzigo ilimradi posho iongezwe, na nasisitiza posho, maana tuna tabia mbaya ya kuwatumia wachungaji kama wenyeji wa kuonyesha njia alafu jina linaloandikwa kwenye ripoti ni la aliyeshuka na gari. Mzee anayejua kutofautisha kinyesi cha guruguru na cha kenge ana utaalamu, alipwe kama mtaalamu. Vijana wao ndio washike simu. Chuo cha Mweka kipo pale juu ya Moshi toka 1963 kinatoa wahifadhi wa Afrika nzima, wanafunzi wanatafuta sehemu za mazoezi kila mwaka. TAWIRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa wanyamapori, makao makuu yapo Njiro hapa hapa mjini. Watu tunao, tunakosa mtu wa kusema tuanze.

Jambo moja la tahadhari ambalo wataalamu wenyewe walishaanza kulionya. Zile namba za GPS zinazoonyesha shimo lilipo zisitupwe hadharani. Tumeshaona mnyama adimu akichapishwa na mahali alipo, mlanguzi anakuja na ramani ya bure. Namba za jumla zitoke, wilaya ipi wanapungua wilaya ipi wapo, ila shimo lilipo libaki kwa kijiji na kwa mtafiti. Na madereva wenzangu hapa nawasema pia, ile tabia ya kuposti picha ya kila tulichokiona na mahali tulipo ili kampuni ipate wateja, kwa simba haina shida sana, kwa mnyama anayebebeka kwenye soksi ina shida kubwa.

Kuna mtu ataniuliza guruguru analeta watalii wangapi. Kwa sasa wachache, wageni wengi wakifika wanataka simba kabla hata ya chai. Lakini nimebeba wageni wanaolipa vizuri tu kuja kutafuta ndege mmoja mwenye rangi ya udongo ambaye mimi nilikuwa nampita kila siku, na wapo wa mijusi na nyoka pia, wanatembea na tochi usiku wanafurahi kuliko waliomuona chui. Hiyo lakini sio sababu yangu ya msingi, hata asingeleta mgeni hata mmoja bado nisingependa tuje kujua alikuwepo kwa kumkuta tumboni mwa nyoka.

Kwa hiyo ombi langu kupitia gazeti lako Mhariri ni kwamba TAWIRI, Mweka na hizo jumuiya za vijiji wakae waanze hata na wilaya moja, Longido inafaa, ardhi yake kavu vumbi linashika nyayo vizuri na wachungaji wake hawapotezi mbuzi kirahisi. Waanze kiangazi hiki hiki, mvua zikija warudie. Kuhusu usafiri, madereva wa utalii tunajua zile njia zote za pembeni na kuna miezi ambayo wageni hawapo tunakaa tu tunacheza drafti, wapo wengi ambao wangejitolea siku moja moja. Gari la bosi siwezi kuliahidi kwenye gazeti atanifukuza. Dereva wapo, wao waje na gari na dizeli.

Dereva wa watalii,
Sakina, Arusha